Marehemu Machano Silima na Mwenza wa Msumarini

Assalaam alaykum, wake kwa waume mliojaa barazani na uani hapa Mtoni, leo Jumapili tarehe 22 Februari 1959. Hitma imeshasomwa, sinia bado ziko jikoni, basi tunakuombeni masikio yenu kabla hamjanawa mikono, maana mtu akishashiba hasikilizi tena, na maisha ya ndugu yetu Machano bin Silima bin Usi yanataka kusikilizwa kwa utulivu, kwa kuwa mwenyewe katika uhai wake hakuwa mtu wa kujisimulia.

Marehemu alizaliwa Paje, siku ya Mwaka Kogwa, na kwa hesabu za wazee mwaka wenyewe ni wa 1902. Mama yake alikuwa akisema kwamba asubuhi ile mji mzima ulikuwa umekwenda Makunduchi kutazama watu wakipigana kwa migomba, majumba yote yamefungwa, kabaki yeye na mkunga na kuku, na mtoto alipotoka akalia, hakuna aliyekuja kuchungulia mpaka jioni. Wapo wanaosema mtu huandikiwa tangu siku ile, lakini hayo tumwachie Mola.

Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo Paje, akafika Juzuu Amma akaishia hapo. Si kwamba hakuwa na kichwa, kichwa alikuwa nacho, ila mwalimu wake alikuwa akimtafuta chini hamwoni, akiinua macho anamwona juu ya mnazi, kakaa kimya kama ndege, na fimbo ya mwalimu haikuwa ndefu kiasi hicho.

Mwaka 1919 alitoka kwao kwa miguu pamoja na kundi la wachumaji wa kusini, ambao kila msimu huja huku kwenye mashamba ya karafuu, wakachuma, wakarudi kwao. Wenziwe walirudi, yeye akabaki, akapewa kibanda nyuma ya shamba lile la njia ya kwendea Kidichi, na tangu hapo hadi maradhi yalipomshika, kazi yake ilikuwa moja, kupanda juu ya miti. Alipanda minazi, alipanda miembe ya watu walioogopa kupanda ya kwao, lakini hasa alipanda mikarafuu, ile mirefu ya zamani ambayo matawi yake ni mepesi kuvunjika kama biskuti, na ambayo kila msimu hatukosi kumpeleka mtu hospitali kwa ajili yake.

Alifunga ndoa hapa Mtoni tarehe 8 Aprili 1929, na Bi Mwatima binti Ame, mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti iliyompita kimo. Walijaaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, wote wawili Mungu aliwataka kabla ya kuota meno, wakazikwa Paje, na baada ya hapo hawakupata tena, wakabaki wao kwa wao. Na kwa kuwa nyumba haikuwa na mtoto wa kumwachisha kazi, Mwatima alifuatana na mumewe shambani, na hapo ndipo ilipoanza ile kazi yao ya kamba ambayo wengi mliokaa hapa mliiona kwa macho yenu.

Ilikuwa hivi. Machano hurusha juu uzi wenye jiwe, ukapita kwenye panda ya mti, akavutia kamba nene, ncha moja akajifunga kiunoni, na ncha ya pili Mwatima akaizungusha mara moja kwenye shina la mti wa jirani, kisha akakaa chini, mguu kaukita shinani, kamba mkononi. Kwa njia hiyo Machano aliweza kutoka shinani akaenda hadi kwenye ncha za matawi, ambako karafuu ndiko ziliko, bila ya kuliegemea tawi na kulivunja, na akiteleza, mkewe yupo. Shamba zima lilikuwa likiwasikia. "Legeza, Mwatima!" "Nshalegeza!" "Kaza!" "Nshakaza, we hutosheki?" Wachumaji wa miti mingine wakimcheka, "Yakhe Machano, mkeo kakufunga kama mbuzi!" naye akiwajibu kutoka huko juu, "Nyinyi hamna wa kukufungeni, ndio maana kila mwaka tunakubebeni na machela."

Bi Mwatima alifariki tarehe 12 Machi 1951, kwa homa iliyomshika wiki moja tu. Msimu ulipofika, Machano akaenda shambani kama kawaida, akapanda kwa mikono na miguu, akafika juu, akajaza pakacha, kisha kwa mazoea akaita, "Legeza, Mwatima!" Waliokuwa miti ya karibu waliacha kuchuma. Nokoa naye, msimamizi wa shamba, mtu wa kelele siku zote, alivua kofia yake. Machano alikaa juu ya tawi lile mpaka kivuli kikaja chini ya mti, ndipo alipoteremka akiukumbatia mkarafuu, na alipofika chini kifua chote kilikuwa kimechunika.

Aliomba wa kumshikia kamba, hilo tuliseme ili ijulikane kwamba hakuwa na kiburi. Lakini msimu wa karafuu kila mtu anachuma pishi zake, na aliyekaa chini kushika kamba ya mwenziwe ni mtu ambaye jioni hana cha kupimiwa, basi mmoja akasema kesho, wa pili akasema mgongo unamuuma, na Machano hakuomba mara ya tatu. Alikuwa na tabia hiyo, mlango uliofungwa harudi kuubisha, na tabia hiyo mtaiona tena mbele. Nyumbani akawa anapika chakula cha watu wawili na kumwagia kuku kilichobaki, na jirani zake ni mashahidi kwamba akirudi jioni alikuwa akipiga hodi mlangoni kwake mwenyewe, akangoja kidogo, ndipo akaingia.

Sasa katika upweke ule ndipo alipokaa akafikiri jambo ambalo watu wenye wake hawana wakati wa kulifikiri. Alijiuliza, Mwatima alikuwa mwepesi kama kuku wa kienyeji, na mimi ni pande la mtu, ilikuwaje akaweza kunizuia? Akaona kwamba haikuwa nguvu ya mikono yake, bali lile zungusho moja la kamba kwenye shina, kamba ikijikunja kwenye mti hujisugua, ikijisugua hujishika yenyewe, na mkono wa binadamu humalizia kidogo tu. Basi akajiuliza la pili, je, lile shina haliwezi kubebwa kiunoni?

Alianza na pembe ya ng'ombe, akaitoboa na kupitisha kamba, akafunga upande wa pili gunia la mchanga ili literemke badala yake, pembe ikapasuka na gunia likaangukia paa la choo cha nokoa. Nokoa alikuwemo. Maneno aliyotoka nayo hayasomwi kwenye hitma. Akachonga mti wa mpera, huo ulishika, lakini kamba ilipoteremka kwa kasi mti ukatoa moshi na harufu ya kuungua, watu wakakimbia kutazama nani anachoma shamba. Akafikiri tena. Akaenda mjini, Mkunazini, kwa seremala anayechonga milango, akaomba kipande cha msaji kilichobaki, akakitoboa matundu mawili, na katikati akachonga mdomo, kamba ikawa inaingia juu, inajikunja mdomoni, inatokea chini. Lile tundu la chini, ambalo kamba ndilo inalolisugua zaidi, akalivisha pete ya bomba la chuma ili mti usiungue. Ukikitegemea kwa uzito wako kinabana, haendi mtu popote, ukikiinua kidogo kwa kidole gumba kinaachia, unateremka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba ya ghorofa. Ncha ya kamba akaifunga juu kwenye panda ya mti, kile kipande kikawa kiunoni mwake, na mkia wa kamba ukaning'inia mpaka chini bila ya mtu. Kazi ile ilimchukua misimu miwili, na mwaka 1953 alikuwa akipanda na kushuka peke yake, bila kuita jina la mtu.

Kifaa chenyewe akakipa jina, akakiita Mwenza, kwa kuwa kinafanya kazi ya mwenzake aliyeondoka. Hakuwa na nia nyingine. Lakini jina hilo, jamaa zangu, ndilo lililomla miaka yake mitatu.

Mwaka 1954, baada ya Maulidi, Machano alimtuma jirani yake, Bwana Kificho muuza kahawa, ambaye jina lake halifanani naye hata kidogo kwani hajapata kuficha kitu, aende akamposee Bi Biasha binti Hamad, mshona kofia, aliyekuwa akikaa karibu na bomba la maji pamoja na shangazi yake, Bi Mwanamkasi. Bi Biasha alikuwa ameachwa na mume miaka mingi nyuma, mtu mzima, mwenye heshima zake, kofia zake zikivaliwa mpaka Malindi, na Machano alikuwa akimwona kila asubuhi akipita na ndoo yake. Kificho akapokewa vizuri, akakalishwa, akapewa maji. Bi Biasha alikuwa nyuma ya pazia, kama inavyostahiki, na sikio lake lilikuwa mbele ya pazia, kama inavyostahiki pia.

"Machano ni mtu mwema," Kificho akaanza, "hagombi, hakopi, na tena hataki kukuficheni kitu. Ndani ana Mwenza."

"Ana mwenza?" akauliza Bi Mwanamkasi.

"Anaye, tangu alipofiwa. Lakini Bi Mkubwa, wala hana usumbufu. Wakirudi shamba humtundika msumarini, basi, mpaka kesho."

"Humtundika?"

"Kwa kamba. Na kila Ijumaa humpaka mafuta ya nazi, mwili mzima, asije akapasuka."

Nyuma ya pazia kikombe kikaanguka.

"Na huyo," akauliza Bi Mwanamkasi, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "anakula nini?"

"Hali kitu!" Kificho akacheka. "Labda kamba. Hiyo huila, kidogo kidogo."

Bi Mwanamkasi alisoma Ayatul Kursii kimoyomoyo, midomo inakwenda, kisha akatoa jibu la kiungwana. "Mwambie tumeshukuru kwa heshima aliyotupa, lakini binti yetu hawezi ukewenza."

Huko Paje, au kwa wachumaji wenziwe, neno mwenza ni mwenzio tu, wa kazi, wa safari, wa kula naye sahani moja. Lakini mwanamke aliyekaa nyuma ya pazia akaambiwa mwanamme ana mwenza ndani, analisikia neno moja tu, mke mwenza. Na mwenza asiyekula, anayetundikwa na kupakwa mafuta, huyo si binadamu, basi kabla ya adhana ya alasiri Mtoni yote ilishajua kwamba Machano Silima kaoa jini. Wengine waliongeza kwamba jini lenyewe ni la kutoka kwenye yale magofu ya jumba la mfalme, ndiyo maana lina adabu. Waliokuwa wakimpelekea futari waliacha, waliokuwa wakimwazima kinu walisema kinu kimepasuka, na magharibi akipita njiani milango ilikuwa ikifungwa taratibu, ili asione kuwa ni kwa ajili yake. Walionong'ona wanajijua, wengine tumekaa nao hapa, na hatutawataja, kwa kuwa ni wengi na chakula kitapoa.

Yeye je, alielewaje? Hapa ndipo penye uchungu. Aliposikia kwamba Bi Biasha hawezi ukewenza, Machano alidhani wamekusudia marehemu Mwatima. Alidhani wanamwambia kwamba mtu ambaye bado anamtaja mkewe aliyekufa, mchana na usiku, juu ya miti na barazani, mtu huyo bado ana mke, na hapana mwanamke atakayekubali kuingia juu yake. Akaona wana haki. Basi tangu siku ile akaacha kulitaja jina la Mwatima, hakulitaja shambani, hakulitaja kwenye kahawa, miaka mitatu mizima, na sisi tulipoona kanyamaza tukasema, mnaona, jini lina wivu, limemkataza.

Tarehe 17 Septemba 1957, siku ya Jumanne, Bi Biasha alifanya jambo ambalo shangazi yake hakulijua mpaka lilipokwisha. Alitaka kumwona huyo mwenza kwa macho yake. Alijifunika buibui, akakata njia ya shamba, akafika chini ya mkarafuu ambao tawi lake lilikuwa likitikisika, akatazama, hakuona mwanamke, hakuona jini, aliona mkia wa kamba umening'inia mbele ya uso wake, na kama yeyote kati yenu angalifanya, akaushika akauvuta.

Huko juu Machano alikuwa anateremka. Akasimama hewani ghafla, miguu inaning'inia, ainue kidole, abonyeze, haendi.

"Nani kashika mkia?" akaita.

"Mie."

"Mie nani?"

"Mie Biasha. Yuko wapi mkeo?"

"Mke wangu kafa, Bi Biasha. Unajua hivyo."

"Simuulizi marehemu, Mungu amrehemu. Namuuliza yule wa msumarini."

"Wa msumarini?"

"Unayempaka mafuta, bwana we! Mtu mzima huoni haya? Mwenza!"

Wasikilizaji, Machano hakupata kuwa mtu wa kucheka, lakini waliokuwa miti ya jirani wanasema siku ile mkarafuu ule ulicheka wote, karafuu zikamwagika juu ya buibui la Bi Biasha kama mvua, na yeye chini anamaka, "Unanicheka? Sikuachii mpaka useme," na kweli hakumwachia, alimshikilia hewani kwa vidole viwili, mtu mzito kama yule, naye akimweleza kutoka juu, pembe, mpera, msaji, choo cha nokoa, yote, hata alipomaliza Bi Biasha alikuwa amekaa chini kwa kicheko, na kamba bado iko mkononi.

Alipoteremka hakuanza na salamu. Aliushika ule mkia akautazama, akamwambia, "Hebu vuta tena." Akavuta. Kipande cha msaji kikabana. "Legeza." Akalegeza. Basi akagundua jambo ambalo miaka minne hakuligundua kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumgundulisha, kwamba kile alichokitengeneza ili asihitaji mtu, kilikuwa na mahali pa mtu tangu mwanzo, pale chini kwenye mkia, na mtu huyo hahitaji nguvu wala mti wa jirani, anahitaji kuwepo tu.

"Kesho utakuja?" akamuuliza.

"Kufanya nini?"

"Kushika mkia."

"Nina kofia ya watu naimaliza."

"Njoo nayo."

Akaja nayo. Msimu ule na msimu uliofuata, Bi Biasha alikaa kwenye mkeka chini ya miti ya shamba lile, sindano mkononi, mkia wa kamba kaupitisha katikati ya kidole gumba cha mguu na cha pili yake, na mazungumzo yao yalikuwa yakisikika hadi barabarani. Machano akaanza tena kumtaja Mwatima, alivyokuwa akipiga kelele, alivyokuwa akimtukana nokoa, na Bi Biasha akimuuliza zaidi. Na Mtoni nzima ikakaa kungoja posa. Shangazi mtu alinunua kapeti. Wenyewe kwa wenyewe hawakusema neno, yeye kwa kuwa mwanamke hajiposei, na Machano kwa sababu ile niliyokwisha kuitaja, kwamba aliwahi kuambiwa hapana, na mlango uliofungwa yeye harudi kuubisha, ijapokuwa huu ulikuwa wazi kiasi cha kupita ng'ombe. Jioni walitoka shambani pamoja hadi penye bomba, akashika njia yake naye akashika yake, na Machano akafika kwake akapiga hodi, akangoja kidogo, akaingia.

Tarehe 12 Novemba 1958, Jumatano, akiwa juu, kizunguzungu kilimshika, macho yakafunga giza, mkono ukakibana kile kifaa upande wa kuachia, akaanza kuja chini kama gunia lile la mchanga. Bi Biasha hakupiga kelele. Aliukaza mguu, akaushika mkia kwa mikono miwili, na Machano akasimama hewani, kichwa chini, kimo cha mtu kutoka ardhini, kofia ya watu imekanyagwa kwenye matope. Alipozindukana, neno lake la kwanza likawa, "Nshafika?" Naye akamjibu, "Bado. Tulia." Hakupanda mti tena tangu siku hiyo.

Tarehe 7 Januari 1959 alilazwa hospitali mjini, madaktari wakaona moyo umechoka, wakamtibu kwa kadiri ya uwezo wao, na tarehe 9 Februari wakamruhusu arudi nyumbani. Mpwa wake Usi, ambaye ndiye anayekusomeeni maneno haya tuliyoyatunga pamoja na jirani, alikuja kutoka Paje kumuuguza. Bi Biasha alikuja kila siku, akakaa ukumbini, mlango wazi, akishona, naye mgonjwa ndani akisikiliza sindano.

Jumatatu tarehe 16 Februari, Machano alimwambia Usi akitoe kile kifaa msumarini, kifutwe, kifungwe katika kitambaa safi. Kisha akaita Bwana Kificho. "Mpelekee Bi Biasha," akamwambia, "umwambie, Mwenza nshamtoa ndani. Maneno hayo tu. Na safari hii, yakhe, nakuomba kwa jina la Mungu, usiongeze kitu."

Kificho hakuongeza. Ilimuuma, lakini hakuongeza. Bi Biasha alikifungua kitambaa, akakitazama kile kipande cha msaji kilivyolika na kamba, akajiziba mdomo kwa kanga akacheka, kisha akacheka kwa namna nyingine ambayo Kificho anasema hajui kama ilikuwa kicheko, kisha akamrudishia akasema, "Kamwambie amrudishe msumarini pake. Mimi nakuja kukaa naye."

Usi alimrudilia mjomba wake jibu hilo mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alidhani kasikia vibaya. Wakapanga akdi ya ndoa iwe Ijumaa tarehe 20 Februari, baada ya sala, msikiti wa hapa hapa Mtoni, watu wakaalikwa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, halwa ikaagizwa mjini, na Bi Mwanamkasi akalitandika lile kapeti.

Machano bin Silima alifariki dunia Alhamisi tarehe 19 Februari 1959, kabla ya alasiri, kitandani kwake, si mtini kama wote tulivyobashiri, macho yake yakiwa yameelekea ukutani penye msumari. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Walioalikwa hawakuhitaji kubadilishiwa siku wala saa. Walikuja Ijumaa baada ya sala, msikiti ule ule, na kanzu zile zile walizokuwa wamezifua kwa ajili ya akdi, wakamsalia, wakamchukua.

Wengine wameuliza kama Bi Biasha atakaa eda. Hatakaa. Ndoa haikufungwa, na sheria yetu haina eda ya mshika kamba. Ila usiku wa kwanza alikuja na mkeka wake, akaukunjua chini ya ukuta ule, na wanawake waliotaka kumwambia kitu walimtazama, wakamsogezea taa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, inawashukuru wachumaji wenziwe ambao walisimamisha kazi siku mbili katika shamba zima, inamshukuru nokoa aliyeleta ubani na sanda na kusema choo ameshamsamehe, inamshukuru Bwana Kificho kwa safari zake zote mbili, inawashukuru jirani wa Mtoni kwa kinu, ambacho tumeona jana kuwa hakikupasuka. Aliyekosewa na marehemu amsamehe, na aliyemkosea marehemu aseme kimoyomoyo, maana leo anasikika.

Nenda ukapumzike, Machano. Teremka taratibu, usiwe na haraka ya kufika. Mkia wa kamba umeshikwa.